Settle, Neno Lililomhamisha Mzee Ntandu

Wiki yangu ya mwisho ofisini, binti wa masjala alikuja mezani kwangu na barua mkononi akaniuliza, "Mama, settle maana yake nini?" Maana yake nini! Kana kwamba lina moja. Nilimtazama mpaka akadhani amenikosea adabu. Kisha nikamwambia avute kiti, na hapo ndipo wenzangu mlipopata wazo lenu la kunitaka niandike. Haya, nimeandika. Msitafute humu habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara wangu mlikuwa mkiuchekea nyuma ya kabati. Nitaandika habari za neno moja tu, kwa sababu nikiitazama vizuri miaka yangu ya kazi, naona sehemu kubwa imeliwa na neno hilo.

Nilianza kazi ya ofisi ya wilaya, Singida, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilitoka Unyambwa kwa baba yangu nikiwa na cheti cha misheni cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Nilijua Kinyaturu cha nyumbani, Kiswahili cha shule, na Kiingereza cha kitabuni. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa na kutafsiri. Barua ziliteremka kutoka juu kwa Kiingereza, zikatakiwa kufika vijijini kwa Kiswahili, na katikati ya hapo nilikaa mimi na mashine ambayo herufi yake ya r iligoma kila asubuhi ya baridi. Barua zangu za mwezi wa saba zilisomeka kama maneno ya mtu asiye na meno.

Aliyenipokea ni karani mkuu, Mzee Abdalla, mtu wa mjini hapa hapa, wa ukoo wa wauza vitambaa ambao babu yao alitoka pwani, akaoa Mnyiramba, na hakurudi tena. Kofia yake ilikuwa nyeupe kuliko karatasi zetu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na badala ya kunionyesha choo kilipo, kama wafanyavyo waungwana, akanisukumia karatasi yenye sentensi moja. Bwana mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine alikuwa amewaandikia wakubwa wake: I have settled in well. Nikakaa, nikafikiri, nikapiga chapa: Nimehamia kisimani.

Mzee Abdalla aliisoma, akavua miwani.

"Binti, huyu bwana yuko kisimani?"

"Ndivyo alivyoandika, mzee."

"Na barua ameiandikia humo humo, kwenye maji?"

Makarani wawili wa dirishani wakaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio. Mzee Abdalla akawafukuza wale wawili wakachukue barua posta, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, na pale pale akanifundisha karibu yote niliyokuja kuyajua. Yule bwana, alisema, ameshazoea mahali pake papya na hana neno. Hakuna kisima; well ya hapa ni vizuri tu.

"Neno la Kiingereza usiliulize maana yake," akaniambia. "Litakudanganya. Uliza nani anamwambia nani, na habari ya nini. Bado huelewi? Inuka, kamuulize aliyeandika. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja."

"Na aibu ya kutouliza je, mzee?"

"Hiyo utakuja kunisimulia wewe."

Kamusi ya ofisi ilikaa mezani kwake. Jalada lake la kwanza lililiwa na mchwa, akaishonea la ngozi ya mbuzi, kwa hiyo siku za mvua ilinuka. Nikalitafuta neno langu siku hiyo hiyo. Maana ya kwanza kabisa ilikuwa benchi. Benchi refu la mbao lenye mgongo! Nikageuza ukurasa kutazama kama mchwa hawakupita na hapo. Chini ya benchi yakafuata mengine: kutulia, kutuliza, kulipa, kumaliza ugomvi, kwenda kuishi mahali, kuwapeleka watu waishi mahali, ndege kutua tawini, ukuta kutitia, tope kushuka chini ya maji. Watu wana lugha yenye maneno yote yale, sasa kwa nini wakambebesha huyu mmoja mizigo yote hiyo? Punda wa Unyambwa angegoma.

Nikanunua daftari, nikalipa jina la neno lile, na kila lilipotokea kwenye barua nililiandika pamoja na habari zake. Halikukawia kujaa. Daktari wa misheni aliandika kwamba tangawizi inalifanyia tumbo neno lile. Fundi wa serikali akaandika kwamba ukuta wa zahanati mpya umelifanya, na karani mwenzangu, kwa haraka zake, akatafsiri kwamba ukuta umehamia. Mwenyekiti wa kijiji akarudisha barua akiuliza kwa heshima ukuta huo umehamia wapi, maana yeye akiutazama anauona pale pale, ila umepasuka. Mlowezi aliyekuwa akiuza vitu vyake ili arudi kwao, naye kwa Kiingereza aliitwa settler, jina la neno hilo hilo. Kwamba mtu anayeondoka aitwe kwa neno la kukaa, nilimwuliza Mzee Abdalla, hiyo imekaaje? Akasema nisimchoshe, ni mwezi wa Ramadhani.

Kali kuliko zote ilikuwa ya Manyoni. Bwana mifugo alikuwa anakuja kuchanja, akaandika kwamba ng'ombe wakishafika waachwe kwanza wa-settle. Alitaka wapumzike tu, hofu ya safari iwatoke. Karani wa Manyoni akaandika kwamba ng'ombe wapewe makazi kabla ya kuchanjwa. Wagogo wale ni watu wa kutii neno la mifugo. Walikata miiba siku tatu, wakajenga boma jipya lenye milango miwili na kivuli, na bwana mifugo alipofika akapigiwa vigelegele kama bwana harusi. Alisifu sana bidii yao, maskini, bila kujua imetoka wapi. Nilimcheka yule karani wa Manyoni mpaka mbavu zikaniuma, nikakiandika kisa chake kwenye daftari kwa wino mwekundu. Nyani haoni kundule.

Baadaye likaja agizo kwamba shughuli zote za serikali ziwe kwa Kiswahili. Mzee Abdalla alishona kofia mpya kwa furaha. Mimi nikafikiri nimepona, daftari nitaliweka akiba ya kuwashia moto. Hamnioni ninavyocheka peke yangu ninapoandika haya. Agizo lilitiiwa mlango wa mbele tu. Vibao vilibadilishwa, salamu za mikutano zikabadilika, lakini wakubwa waliokwenda masomoni walirudi na penseli nyekundu, wakaendelea kuandika maagizo yao pembeni mwa karatasi kwa Kiingereza, tena kile cha kukatakata kama simu ya maandishi, neno moja hapa, mawili pale. Kisha wanakutupia wewe ukitoe Kiswahili. Ukiuliza, wanakutazama kama umeomba kuvaa koti lao.

Mzee Abdalla akastaafu. Siku ya kuondoka alinipa ile kamusi yenye ngozi ya mbuzi mbele ya ofisi nzima. "Usiifungue kabla hujatoka kuuliza," akasema. Watu wakadhani ni utani.

Ndipo ukaja wakati wa watu kuhamia vijijini. Sina nia ya kubishana na mtu humu kuhusu siasa ya miaka ile. Wako waliohama wakiimba na wakapata shule na bomba, wako waliopandishwa kwenye lori pamoja na kuku wao wakitazama nyuma. Mimi nasema habari za mezani kwangu tu. Kila barua iliyopita kwangu ilikuwa na lile neno. Familia kadhaa ziwe settled kando ya barabara. Wale wa bondeni wawe settled kabla ya kupanda. Nilianza asubuhi nikipiga chapa "wahamishiwe kijijini", nikamaliza jioni nikipiga chapa "wahamishiwe kijijini", nakala tatu kila barua, vidole vyeusi kwa kaboni. Daftari langu la maana zote likalala kwenye droo. Neno lililonitesa kwa wingi wa maana sasa lilikuwa na moja, na nikiri kwamba niliona raha.

Sasa Mzee Ntandu. Alikuwa mkulima wa uwele kutoka Ihanja, mrefu, mkimya, mwenye koti la kijeshi la zamani sana. Nilimfahamu kwa sura kwa kuwa alikuja ofisini mara tano mwaka ule akakaa kwenye benchi la nje, akingoja kuitwa. Shauri lake lilikuwa la kisima. Yeye na marehemu baba yake walikichimba kwa mikono yao karibu na tembe lao la udongo, na jirani mmoja mwenye ng'ombe wengi akakizungushia miiba akisema ni cha ukoo wake. Tembe la Mzee Ntandu lilikuwa tayari ndani ya mipaka ya kijiji kipya cha Ihanja, kwa hiyo yeye hakutakiwa kuhama hata hatua moja. Alichotaka ni maji yake tu. Afisa wetu alikwenda, akasikiliza pande zote, akaona wazi kwamba kisima ni cha Ntandu, akarudi na penseli yake nyekundu. Haya yote niliyajua baadaye, nilipoyasoma kwenye faili. Faili lenyewe lilikuwa masjala, mlango wa pili kutoka kwangu.

Kikaratasi kilichoniangukia mezani kilikuwa na maneno matano: Ntandu, Ihanja. Settle before rains. Ilikuwa Jumamosi, saa sita kasoro, na chini yake kulikuwa na barua nyingine ishirini za kuhamisha watu. Afisa mwenyewe alikuwa amesimama nje, anazungumza na dereva wa Landrova. Hatua kumi kutoka dirishani kwangu. Ningeweza kuinua sauti tu bila hata kuinuka. Nikaweka karatasi kwenye mashine nikapiga chapa: Ntandu wa Ihanja ahamishwe kabla ya mvua. Nakala tatu. Nikafunika mashine nikaenda zangu sokoni kununua vitunguu.

Baada ya wiki tatu alikuja mara ya sita. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, akafungua kitambaa, akatoa ile nakala ya tatu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wa Ihanja ameniambia hizi herufi ndogo za huku chini ndizo za mtu aliyepiga hii barua. Ni za nani?"

Sisi wapiga chapa huweka herufi za majina yetu chini ya barua, mkono wa kushoto. Hakuna mwananchi anayezitazama. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuziuliza.

"Zangu, baba."

"Basi nimefika," akasema, na hapo akaketi.

Alinieleza kwa sauti ya chini, bila kunituhumu, na ndivyo ilivyozidi kuniumiza. Lori lilikwenda. Alimwambia kiongozi wa msafara kwamba yeye yuko ndani ya kijiji tayari, akaonyeshwa barua yenye mhuri. Wakaezua tembe ili asirudi, wakampeleka yeye na mkewe kijiji kingine, mwendo wa nusu siku, mahali ambapo maji yanafuatwa mbali. Mkewe anakwenda na mtungi alfajiri anarudi jua limesimama. Kisima kimebaki kwa jirani. Mvua zikianza kuta zitayeyuka.

"Nilidhani nimeshinda," akasema. "Yule bwana aliniambia kwa kinywa chake, mzee, kisima ni chako. Nikarudi nyumbani nikachinja kuku. Kisha likaja lori. Sasa nataka kujua ni nani aliyemgeuza moyo."

Nilikwenda masjala nikalitoa faili. Nikasoma uamuzi wote, kurasa mbili, na kisha kile kikaratasi chekundu. Hakuna aliyemgeuza moyo. Afisa aliagiza shauri la Ntandu limalizwe, apewe kisima chake kabla ya mvua. Nilirudi nikamwambia Mzee Ntandu ukweli wote, kwa Kinyaturu, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikauka. Nikamwambia hakuna adui. Ni neno, na ni mimi.

Kisha akasema, "Nionyeshe hilo neno."

Nikafungua kamusi. Akaweka kidole kwenye herufi, ingawa hakujua kusoma Kiingereza, akaniambia nimsomee yote, nisiruke. Nikaanza.

"Benchi."

"Benchi?"

"Ndiyo, baba. Benchi refu lenye mgongo."

"Benchi nilishalikalia. Lile lenu la nje, mara tano. Endelea."

Nikaendelea. Kutulia. Kutuliza. Kulipa. Kumaliza ugomvi. Kukubaliana. Kwenda kuishi mahali. Kupeleka watu. Kila moja alilihesabu kwa kukunja kidole, na vidole vya mkono wa pili vilipoanza kukunjwa aliniinulia uso.

"Yote hayo, mwanangu," akasema, "na ukanichagulia hilo?"

Wenzangu, nimewahi kufokewa na wakubwa sita tofauti, na mmoja alinitupia faili. Hakuna aliyenipata kama mzee yule.

Nikaenda kwa afisa nikiwa na faili na kikaratasi chake. Nilimweleza makosa ni yangu, ninaomba barua ya kurekebisha. Alisikiliza akichonga penseli. Kisha akasema kwamba tukimrudisha mmoja, wote waliohamishwa watasema nao ni makosa ya chapa, na ofisi itageuka ngoma ya kuchezewa na kila mtu. Nikamwambia huyu kweli ni makosa ya chapa. Akanijibu kwa Kiingereza chake: "The matter is settled."

Yaani shauri limekwisha, kwa neno lile lile, na naapa hakufanya mzaha. Hakusikia hata alichokisema. Nilisimama pale na ile kamusi kifuani, na kama si malezi ya mama yangu ningempiga nayo, upande wa ngozi ya mbuzi.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Abdalla. Mkewe alinikaribisha kahawa, nikashindwa kuinywa. Mzee alinitazama mara moja tu.

"Haya," akasema, "nisimulie."

Hakusahau, mnaona? Nikamsimulia. Nilipofika kwenye zile hatua kumi, alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba. Nikamwuliza nifanye nini. Alisema yeye ni mstaafu, hana mhuri wala meza, ila jambo moja analifahamu. "Lori halikuondoka kwa uamuzi wa afisa. Liliondoka kwa barua yako. Basi hujui kuandika nyingine?"

"Hatasaini, mzee."

"Kwani zile unazompelekea anazisoma?"

Nilikaa na swali hilo njia nzima mpaka nyumbani. Anazisoma? Za Kiingereza alizisoma mara mbili na kuzichora. Za Kiswahili hakuzisoma. Alizisaini tu, huku akiongea na mtu mwingine. Nchi ilikuwa imeagiza Kiswahili kiheshimiwe, na afisa wetu alikiheshimu kwa namna yake ya kutokigusa.

Nikikamatwa kazi imekwisha, hilo nililijua, na nilikuwa na wadogo zangu wawili shuleni wanaonitegemea. Niliogopa. Siwaambii habari za ushujaa. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Ihanja, na kila nilipoyatazama niliona ukuta wa udongo usio na paa. Asubuhi nikafika mapema, nikaipasha joto ile herufi ya r kwa pumzi yangu, nikapiga chapa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: Mzee Ntandu arudi kwake Ihanja. Tembe ni lake na kisima ni chake. Jirani aondoe miiba. Chini yake nikarejea namba ya faili la uamuzi. Kisha nikaweka herufi zangu ndogo mkono wa kushoto, kubwa kidogo kuliko kawaida.

Niliiweka kwenye jalada la saini kati ya barua ya dawa za ng'ombe na ya ukarabati wa choo. Nilisimama kando yake nikigeuza karatasi. Dawa za ng'ombe, akasaini. Ntandu, akasaini, akimwuliza dereva kama mafuta yatatosha. Choo, jicho lake likaangukia tarakimu, akataka kujua kwa nini mabati ni mengi. Nikapiga mhuri. Mchana nakala ya tatu ilikuwa ndani ya Landrova ya bwana mifugo, inakwenda Ihanja, na katibu kata alipoiona ina mhuri hakuuliza swali hata moja. Aliyeezua tembe kwa sababu ya mhuri alimrudisha mtu kwa sababu ya mhuri. Mambo ya kwetu.

Ilichukua miezi minne kabla afisa hajapita Ihanja na kumkuta Mzee Ntandu kwenye kisima chake, naye mzee akamsalimia na kumshukuru kwa barua nzuri. Alirudi akaniita. Sitarudia aliyoyasema. Hakuweza kunifukuza, kwa kuwa saini ilikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake pia. Hivyo akanihamishia Manyoni, nikaenda kukaa meza moja na yule karani wa boma la ng'ombe. Alikuwa amesikia habari zangu. Alinisogezea kiti, akaniuliza kama ningependa makazi kwanza au chanjo.

Kabla ya kwenda Manyoni niliomba lifti kwenye lori la mahindi, nikateremka Ihanja. Nilitaka kwenda kwa miguu yangu, siyo kwa barua. Mvua zilikuwa zimepita na kuta mbili za tembe zilikuwa zimelala chini. Wanawake walikuwa wanabeba udongo, mke wa Mzee Ntandu mbele yao, na alinitazama muda mrefu kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Nikavua viatu nikabeba udongo na wao mpaka jua lilipopinda. Hakuna aliyenizuia.

Mzee Ntandu alikuwa kisimani. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekanyaga kingo, tope likaingia, naye alikuwa akikizibua. Alipanda juu akiwa mweupe kwa matope, akachota maji kwa kata, akanipa. Yalikuwa kama chai ya maziwa.

"Usinywe bado," akasema. "Yaache yatulie."

Nikaishika ile kata kwa mikono miwili, na sijui kilichonipata, nikaanza kucheka na machozi yananitoka.

"Kuna nini?"

"Baba, hiyo nayo ni lile neno."

"Ipi?"

"Maji kutulia, tope likashuka. Ni neno lile lile."

Aliitazama kata. Akakiinamia kisima akakitazama nacho, kana kwamba Kiingereza kimo humo chini tangu alipokichimba.

"Na ile barua ya pili," akasema, "ya kunirudisha. Hiyo uliandikaje?"

"Niliandika, Mzee Ntandu arudi kwake."

"Hilo lina maana ngapi?"

"Moja tu, baba."

"Basi ungeanza na hilo," akasema, akaokota jembe lake akateremka tena kisimani. Nilingoja mpaka tope lote liliposhuka, nikanywa.